Nyuso za Mwaloni, Bila Machweo

Picha ya Mwanza inayouzwa kwa wageni unaijua hata kabla hujaiona. Upande mmoja lipo Jiwe la Bismarck, nyuma yake linazama jua la rangi ya chungwa, na katikati umo mtumbwi wenye mtu mweusi tii aliyeshika kasia, asiye na macho, asiye na mdomo, asiye na umri. Nimeikuta katika kumbi za hoteli, katika ofisi na katika sebule za jamaa zangu, na sina ugomvi na wanaoichora, kwa kuwa kodi ya nyumba hailipwi kwa nadharia. Neno langu linamhusu yule mtu wa mtumbwini. Yeye ndiye aliyekesha ziwani, yeye ndiye mwenye viganja vilivyochubuliwa na kamba, lakini pichani amefanywa pambo la machweo.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwachora watu wa mialo yetu ya Ziwa Victoria, yaani fukwe ambako mitumbwi ya uvuvi huegeshwa, hasa Igombe na Kayenze, kwa rangi ya mafuta, juu ya vibao vidogo visivyozidi ukubwa wa daftari la shule. Hizi ni picha za mazoezi, yaani zile ambazo mchoraji huzifanya kwa haraka, kwa kikao kimoja, mbele ya mtu mwenyewe, akiwa na jambo moja analotaka kulijua: bega linajipangaje chini ya ndoo, kivuli cha ukingo wa kofia kinakata pua mahali gani, mkono uliozoea nyavu hupumzikaje usipokuwa na nyavu. Nimefikia kuamini kwamba mvuvi, mchuuzi na mwanikaji wa dagaa huonekana walivyo katika picha ya namna hii kuliko katika picha kubwa iliyokamilishwa, kwa sababu anayekamilisha hukamilisha huku akimfikiria mnunuzi, na mnunuzi ana mambo anayopenda kuona na mengine asiyopenda. Picha ya mazoezi haina mnunuzi, kwa hiyo inaweza kumtazama mtu bila kumpendekeza.

Siku za kuchora sizipangi mimi. Wavuvi wa dagaa huingia kazini wakati wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola na betri, na mbalamwezi ikiwa pevu taa hizo hazina tena nguvu ya kuwavuta. Kila mwezi, basi, una nyuso zake mbili. Siku za giza, asubuhi ya mwaloni ni vurugu tupu: mitumbwi inaingia, ndoo zinapokezanwa, bei inatajwa na kukanushwa, na mchoraji hupata migongo, mashingo na nyuso zinazopita. Siku za mbalamwezi wanaume hukaa chini kushona nyavu na kuziba nyufa za mitumbwi kwa pamba, na hapo ndipo unapoweza kumtazama mtu mmoja muda wa kutosha kuigundua taya yake. Nimejikuta nikiufuatilia mwezi kama wao, ingawa kwangu mavuno makubwa ya nyuso huja pale wao wanapokuwa hawana mavuno.

Kukaa mwaloni na kibao mapajani si jambo linalopokelewa hivi hivi. Baada ya Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ambapo nyavu haramu zilikamatwa na kuchomwa moto katika mialo ya Ziwa Victoria, mgeni anayetazama sana na kuandika kitu hudhaniwa kwanza kuwa afisa uvuvi, au mtu aliyetumwa na afisa uvuvi. Njia pekee ninayoijua ni ile ya kila mahali katika Usukuma: unafika mapema, unasema “Mwangaluka” kwa kila mzee unayempita, unakwenda kwa viongozi wa mwalo kujieleza, kisha unakaa bila kuchora lolote mpaka watoto wachoke kukuzunguka. Nikishapigwa “Haya fundi, tuone basi,” najua kazi inaweza kuanza.

Kuhusu vifaa sitakawia. Rangi ya mafuta katika tyubu hapa Mwanza hupatikana kwa shida na kwa bei ya kukatisha tamaa, ndiyo maana wengi wetu tulianza na rangi za madukani za kupakia milango, na hilo si aibu, kwani Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alijenga mtindo mzima unaojulikana duniani kwa rangi za kung'aa za aina hiyo juu ya mbao laini za dari. Mimi humkatisha seremala hadibodi, naisugua kwa msasa, naipaka nyeupe mara mbili, na hicho ndicho kibao changu. Tyubu yenyewe ina historia ya kushukuriwa: kabla Mmarekani John Goffe Rand hajaivumbua mwaka 1841, rangi ilitunzwa katika vibofu vya nguruwe, na wachoraji wachache sana waliona raha ya kuibeba nje ya nyumba. Bila tyubu, kuchora ufukweni kwa mafuta kungebaki kazi ya wachache, iwe huko Ulaya au hapa Igombe.

Sababu ya kung'ang'ania mafuta wakati rangi za maji na akriliki ni nafuu na rahisi ni kwamba mafuta hayakauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya mbegu za kitani yanayobeba rangi hukauka kwa kufyonza oksijeni ya hewani, taratibu, kwa siku kadhaa, na muda huo wote rangi mbili zinaweza kukutana ubaoni na kuingiliana bila kuacha mstari. Akriliki katika jua la ziwa huganda ukiwa bado unamsalimia mtu. Na uso wa binadamu, hasa uso mweusi uliokaa karibu na maji, hauna mistari. Una mipito.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na elimu yote ya picha hizi. Seti za rangi zinazokuja kutoka nje mara nyingi zina tyubu iliyoandikwa “rangi ya ngozi”, na rangi yenyewe ni ya waridi hafifu, ambayo kwa watu wa Kayenze inafaa labda kwa kuchora viganja. Anayejifunza huiweka kando, anachukua kahawia, kisha anapotaka kuonyesha mng'ao wa paji la uso anaongeza nyeupe kwenye ile kahawia. Anachopata ni majivu. Uso unakuwa kama wa mtu aliyetoka kuugua, na watu walioko nyuma yako wanasema kwa upole kwamba hukumaliza.

Jambo ambalo jicho hujifunza polepole ni kwamba ngozi nyeusi juani haiwi nyeupe zaidi, bali hupokea vitu vilivyo karibu nayo. Paji la uso na mfupa wa shavu hupokea anga, kwa hiyo mng'ao wake ni wa bluu baridi, wakati mwingine wa zambarau nyepesi. Chini ya kidevu hupokea mchanga, na mchanga ukiwa umepigwa na jua la saa tatu hutupa juu mwanga wa dhahabu unaopasha shingo yote. Mtu akiwa amesimama majini hadi magotini, mwanga mwingine hutoka chini kabisa, unacheza kwenye kope na chini ya pua, mahali ambapo kwa kawaida tumezoea kuweka giza. Mimi karibu sitoi nyeusi ya tyubu kabisa. Giza la uso nalipata kwa amba iliyochomwa, yaani kahawia iliyokolea, ikichanganywa na bluu ya altramarini, nikiisogeza upande wa joto au upande wa baridi kadiri uso unavyogeuka, na giza la namna hiyo linapumua. Zaidi ya hayo, mtu aliyelowa na kukauka mara nyingi asubuhi moja hupauka miguuni na vifundoni mwa mikono, na mpauko huo ni rangi halali, ya kijivu chenye kijani kidogo, ambayo picha za machweo haziwezi kuwa nayo kwa sababu zimemzima mtu mzima kama taa.

Muda wa kuyaona hayo ni mfupi. Mwanza ipo chini kidogo ya Ikweta, jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kufikia saa nne limeshapanda kiasi kwamba macho yote yamejificha katika mashimo ya kivuli. Saa saba kasoro linakuwa utosini, na mwezi Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini kwelikweli, na hapo mtu hana kivuli cha kumtegemeza ardhini. Jioni nayo haina subira. Jua likishazama, giza halikawii. Nasema haya kwa sababu wachoraji waliosifika zaidi kwa kuchora wavuvi walikuwa na bahati ya mwanga tofauti kabisa. Huko Skagen, ncha ya kaskazini ya Denmark, ambako kuanzia miaka ya 1870 walikusanyika wachoraji kuwachora wavuvi na wake zao, jua la mwezi Juni huzama baada ya saa nne usiku na bluu ya jioni hukaa mpaka mtu achoke. Ukinakili rangi zao hapa, unaleta jioni isiyokuwapo.

Hata hivyo, katika kundi hilo yupo mmoja ambaye mimi humtazama mara kwa mara, naye ni Anna Ancher. Wenzake walifika Skagen kama wageni. Yeye alizaliwa pale mwaka 1859, binti wa wenye nyumba ya wageni ambamo wachoraji hao walifikia. Mumewe, Michael Ancher, alichora wavuvi wakubwa wenye makoti ya mvua, wakiitazama bahari kama mashujaa, na picha zake ni imara. Anna alichora wanawake ndani ya nyumba, wazee vipofu, mtumishi jikoni, mazishi sebuleni, na mara nyingi jambo kuu katika picha ni kipande cha mwanga wa jua kilichoangukia ukuta. Alipofariki mwaka 1935 zilibaki nyumbani kwake picha ndogo nyingi za mazoezi ya mafuta ambazo hakuzifanya kwa ajili ya kuuza, na nyumba hiyo ikaja kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1967. Nikitazama nakala za baadhi ya picha hizo ndogo naona mtu ambaye hakuhitaji kumshangaa mvuvi, kwa sababu alikuwa jirani yake. Kushangaa ni jambo la mgeni, na mshangao ndio uliojaza machweo katika picha zetu.

Ndiyo maana pia wanawake wamekosekana katika picha za Mwanza. Mnunuzi wa machweo anataka mvuvi na mtumbwi, lakini biashara ya dagaa, kuanzia pale ndoo inapogusa mchanga, kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaonunua mbichi, wanaoanika juu ya chanja au juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa, wanaogeuza, wanaowafukuza yangeyange na wale ndege warefu wenye vipara wanaotembea kama mahakimu, wanaolitazama wingu. Mvua ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, mali iliyokuwa chakula cha watu inageuka chakula cha kuku, na bei inaanguka papo hapo. Mwanamke anayetazama wingu la masika huku amesimama katikati ya chanja zake ana uso ambao mimi sijauona katika picha yoyote ya kuuzwa.

Mmoja wa wanawake hao nilimchora akiwa amechutama akigeuza dagaa kwa ufagio mwembamba. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa kwa viongozi na kwake pia, lakini nadhani hakuelewa hasa anachokikubali mpaka alipoinuka, akaja nyuma yangu na kujiona. Mikono yake ilikuwa imejaa magamba madogo ya fedha yaliyoganda hadi kwenye viwiko, na ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta kwa ncha ya brashi.

“Mwanangu, umenichora na uchafu huu?” aliuliza.

“Shikamoo mama. Nimechora kazi,” nilijibu.

“Marahaba. Kazi naijua, siihitaji ukutani. Hii ni nguo ya kuanikia. Mtu hapigwi picha na nguo ya kuanikia. Njoo Jumapili nikitoka kanisani.”

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko nilivyofikiria kitabu chochote cha uchoraji. Kila nyumba ninayoijua katika ufuko huu ina picha ya studio, ya mtu aliyesimama mbele ya pazia, amevaa saa, mkono juu ya meza yenye maua ya plastiki, na hakuna anayedhani picha hiyo ni ya uongo. Ni heshima. Watu wanaopenda sana kuona mtu maskini katika nguo zake za kazi, mara nyingi ni watu wasiozivaa nguo hizo. Mchoraji Stanhope Forbes, aliyefika kijiji cha wavuvi cha Newlyn kusini magharibi mwa Uingereza mwaka 1884, aliwasimamisha wanakijiji ufukweni ili amalizie nje, penye hewa na upepo, picha ya mnada wa samaki iliyooneshwa London mwaka uliofuata. Picha hiyo ina mchanga uliolowa ambao siwezi kuusifu vya kutosha, unaakisi sketi na vikapu kama ziwa lililotulia. Lakini tangu siku ile ya Kayenze kila nikiitazama najiuliza ni wangapi kati ya wale wanawake wangechagua aproni ile.

Nilikwenda Jumapili. Alikuwa amevaa kitenge kipya chenye maua ya manjano na kilemba chake, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, mikono juu ya magoti, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Picha ilitoka imekakamaa, na yeye aliipenda tangu mwanzo. Aliagiza jambo moja tu, nipunguze mikunjo ya shingo, nami nikapunguza kidogo, si yote, tukabishana, tukakubaliana. Ilibidi aisubiri, kwa kuwa mafuta yalikuwa bado mabichi na kumpa siku hiyo kungekuwa kumpa rangi kwenye kitenge. Sasa ipo sebuleni kwake, imewekewa fremu na fundi wa madirisha.

Kwa hiyo nadharia yangu ya mnunuzi bado naishikilia, ila nimeongeza kwamba mtu anayechorwa naye anaweza kuwa mnunuzi, tena mwenye haki kuliko wote. Vibao viwili vya mama yule nimeviweka kichwani sambamba: kile cha magamba, ambacho yeye mwenyewe aliniambia nikichukue “kwa masomo yako”, na kile cha kitenge. Cha kwanza kina ukweli wa mkono, cha pili kina ukweli wa alivyotaka ajulikane, na sioni sababu ya kuchagua. Ninachokataa ni cha tatu, kile ambacho hakuwahi kukaa mbele yangu ili kichorwe, cha kivuli cheusi mbele ya jua.

Wapo waliokamilisha bila kumzima mtu, na si haki kuwasahau. Joaquín Sorolla wa Valencia, Hispania, alichora mwaka 1894 picha kubwa ya wavuvi wawili wazee wakimhudumia kijana aliyejeruhiwa ndani ya chombo, samaki wakiwa wamelala nyuma yao, akaipa jina la Kihispania lenye maana ya “Na bado wanasema samaki ni ghali!” Ipo katika Jumba la Makumbusho la Prado, Madrid. Kila mara ninaposikia pale soko la Mwaloni, Kirumba, mtu akilalamikia bei ya sado moja ya dagaa, picha hiyo hunijia, hasa kwa watu wa mkoa huu ambao wanayakumbuka mafuriko ya majina yaliyosomwa baada ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Sorolla naye alikuwa na mazoea ya kubeba vibao vidogo ufukweni na kuchora kwa dakika chache, na nina hakika kwamba nguvu ya picha zake kubwa ilitoka huko.

Watazamaji wangu wakali zaidi wamekuwa wavuvi wenyewe. Mtu wa mjini akiona picha ya mazoezi husema mapua hayajamalizika. Mvuvi huuliza mtumbwi ni wa nani na upepo unatoka wapi. Mmoja alitazama kibao chenye vijana wanne wakivuta nyavu, akaangalia mabega yao, akasema, “Hawa hawana kitu humo,” na ni kweli, asubuhi ile hawakupata kitu. Ubao huo hauna samaki hata mmoja aliyechorwa, wala nyavu zenyewe hazionekani. Yapo mabega tu, mgongo mmoja wenye fulana nyekundu iliyochanika, na kamba.

Viongozi wa mwalo mmoja wamekubali vibao hivi vitundikwe kwa siku chache kwenye waya kando ya chanja, mchana, dagaa wakishaondolewa. Masharti waliyotoa ni mawili: kila aliyechorwa aulizwe kwanza kama anataka aonekane, na namba za usajili wa mitumbwi zisisomeke. La kwanza nimelianza kwa kupita nyumba kwa nyumba nikiwa na vibao kwenye sanduku la soda, na tayari watu kadhaa wamekataa na wengine wameomba Jumapili yao. La pili ni la brashi na rangi ya bluu, na linaendelea.